Mapazia ya Ofisi ya Mikopo

Risala ya Kikundi cha Wahitimu Madobi kwa Mkurugenzi wa Ofisi ya Mikopo ya Wanafunzi, siku ya kuzindua chumba chetu cha pasi

Mgeni rasmi, wazazi wetu, majirani na wateja wetu,

MAKARIBISHO

Karibu sana. Utusamehe kwa joto. Pasi tumezizima tangu asubuhi kwa heshima yako, lakini kuta bado hazijapata habari. Kiti ulichokalia ndicho pekee chenye mgongo, na tumekisogeza mbali na ndoo ya dawa ya madoa. Mimi ninayesoma nimechaguliwa na wenzangu kwa sababu wengine walisema wakisimama hapa ama watalia ama watatukana.

HISTORIA

Sisi sote ni wahitimu wa vyuo. Yupo wa sheria, yupo wa kilimo, mimi ni wa jiografia, na yupo dada yetu wa hisabati ambaye tunamwita Hesabu. Tulisoma kwa mkopo, na tunasema bila kinyongo kwamba bila mkopo huo tusingekanyaga chuo. Taabu ilianza tulipovua majoho. Ajira hazikuonekana, ila ujumbe wa deni ulitufikia kwenye simu kabla hata picha za mahafali hazijasafishwa. Tukachanga, tukakodi chumba hiki, tukaanza kufua.

MAFANIKIO

Leo tunafua nguo za mtaa mzima. Hata koti ulilovaa, mgeni rasmi, lilipita hapa juzi, na lile doa la wino mfukoni lilitutoa jasho. Kila mmoja wetu alikuwa anarejesha mkopo wake kidogo kidogo. Kisha tukapata kazi kubwa kuliko zote: kufua mapazia ya ofisi yako kila mwezi, ghorofa zote. Siku hiyo tulipiga vigelegele mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza nani anaolewa.

CHANGAMOTO

Hapa utuvumilie, maana tumechoka.

Ofisi yako haijatulipa fedha za mapazia kwa miezi minane. Tukienda kwa mhasibu anasema, "Vijana, tulieni, malipo yako njiani." Tukishuka ghorofa moja tu, kwenye dirisha la mikopo, dada wa pale anasema, "Umechelewesha rejesho, kuna faini." Tunamwambia, "Sasa dada, si tumechelewa kwa sababu nyinyi hamjatulipa?" Anajibu, "Hiyo ni idara nyingine." Mgeni rasmi, idara hizo mbili zinatumia ngazi moja na birika moja la chai. Tumeliona kwa macho yetu, tukiwa tumebeba mapazia.

Mlitualika pia kwenye semina ya namna ya kuishi na deni. Mtoa mada akatushauri tuache kununua vitu vya anasa. Mwenzetu wa sheria alinyoosha mkono akauliza kama sabuni ya kufulia nayo ni anasa. Aliambiwa maswali ni mwisho, na mwisho ulipofika tukapigwa picha ya pamoja.

Lakini linalotuuma kweli ni la Hesabu. Mdhamini wake ni shangazi yake aliyemlea, fundi cherehani, ambaye pia ndiye anayetushonea nguo za wateja zilizotatuka. Wiki iliyopita watu wenu walikuja kwake, wakaikagua cherehani, wakasema Ijumaa wataichukua ikiwa malimbikizo ya Hesabu hayajalipwa. Shangazi akawauliza, "Wanangu, mkishaichukua, hilo deni nitalilipa kwa kushona na meno?" Wakamwambia aandike barua.

Sehemu ya Hesabu katika fedha za mapazia inatosha kumaliza malimbikizo yote, na chenji inabaki. Amepiga hesabu na kurudia, jibu ni lile lile. Tangu siku hiyo dada yetu hawezi kumtazama shangazi yake usoni, kana kwamba ameiba. Mgeni rasmi, hilo linatukasirisha, na hatuoni aibu kulisema mbele yako.

MAOMBI

Hatuombi kusamehewa deni. Tulikopa, tutalipa. Tunaomba mtulipe na sisi, na kama fedha taslimu ni ngumu, mzikate moja kwa moja kwenye madeni yetu. Fedha hazitalazimika hata kutoka nje ya jengo. Tunaomba faini zisimame kwa muda wote ambao ofisi yenyewe inadaiwa. Tulikuwa na ombi la mashine ya kukaushia nguo, tumelifuta jana usiku ili usilishike hilo ukasahau haya. Na tunaomba Ijumaa watu wenu wasije.

HITIMISHO

Mapazia yenu ya mwezi huu yako kwenye rafu nyuma yako, yamefuliwa na kunyooshwa. Yaliyokuwa yametatuka Shangazi ameyashona, kwa cherehani hiyo hiyo. Limebaki moja tu, la chumba chako cha mikutano, ambalo upindo wake umefika nusu. Shangazi yule pale mstari wa nyuma, amelipakata. Anasema atalimalizia Jumamosi, cherehani ikiwepo.

Mungu akujalie afya, akuepushe na madoa yasiyotoka, na akurudishe ofisini salama, ukianzia ghorofa ya mhasibu.

Ni sisi wadaiwa wako, na wadai wako,
Kikundi cha Wahitimu Madobi