Neno Nililolitoa Mlangoni

Sogeeni wanangu, sogeeni wote watatu, na wewe kitindamimba toka hapo ukutani ulipojibanza kama mgeni asiyealikwa, uje ukae kitandani hapa, upande wa mkono wangu wa kulia, kwa maana jana nilisikia. Mnadhani mzee akifumba macho ameziba na masikio? Nilimsikia kaka yako pale sebuleni akikuambia, "Wewe kaa pembeni, haya ni mambo ya watoto wa mzee." Nikamsikia dada yako akikoroga tu chai iliyokwisha kukorogwa. Daktari ameshasema yake, leo nasema yangu, na msinikatize. Na wewe nesi, binti yangu wa kati, acha kunishika mshipa, hauongezeki kwa kushikwa.

Nianze na vitu, maana najua mtu hasikii maneno vizuri huku anawaza vitu. Nyumba hii ni yenu watatu, sawasawa, asitokee wa kuuza vyumba akamwachia mwenzake korido. Kiwanja cha nyuma ya shule ni chako wewe mkubwa na dada yako nesi. Gawaneni kwa kamba, si kwa ubabe. Duka la ushonaji, lile la milango miwili ya mbao, nusu yake ni ya kitindamimba, kwa sababu ndiye aliyekaa nami kwenye cherehani miaka kumi na miwili, na leo anakata suruali kwa jicho, chaki haishiki mara mbili. Nusu iliyobaki siwezi kumgawia mtu kwa sababu haikuwahi kuwa yangu. Ni ya Pindo. Tulilifungua wawili, vijana hatuna hata ndevu, mimi makoti, yeye suruali, na kwa jinsi alivyokuwa akimalizia mapindo watu wakamsahau jina lake la kuzaliwa. Eeh, nilijua mtaguna. Guneni mmalize, niendelee.

Wewe kifungua mimba wangu hupenda kusema lisemwalo lipo. Haya, lipo, lakini hili lilisemwa na nani? Yote mliyoyasikia juu ya mama yenu na Pindo, na juu ya mimba iliyomleta huyu mdogo wenu, hayakutoka kwa wambea wa mtaa. Mmbea alikuwa baba yenu. Niliyasema kwa mdomo huu huu mnaounywesha maji kwa kijiko, na hayakuwa kweli hata chembe.

Sikilizeni ilivyokuwa. Nilikuwa na miaka arobaini na saba, umri wako wewe mkubwa leo hii, na macho yakaanza kunigeuka. Napenyeza uzi kwenye tundu la sindano, uzi unapita pembeni. Nalamba ncha, naikata, naisokota, narudia, mpaka ulimi unanikauka. Na mimi ndiye niliyekuwa nikiwatambia wanafunzi wangu wote kwamba fundi hatungiwi uzi, siku utakapotungiwa uzi weka mkasi chini ukatafute kazi nyingine. Sasa miwani ningeivaaje mbele yao? Nikaficha. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini mimi nilijiona mjanja kuliko methali. Nikaanza kupaka nywele rangi. Nikajibania suruali mwenyewe, nikikaa zinalia. Nyumbani chai ikiwa moto nagomba, ikipoa nagomba, na mama yenu akiniuliza nina nini namjibu, "Wewe ndiye unayezeeka, mimi sina kitu." Jamani, mwanamke yule alivumilia.

Ajabu ni kwamba dukani mambo yalikuwa yakininyookea. Nikifika asubuhi nakuta mto wangu wa sindano umejaa, sindano thelathini, arobaini, zote zimetungwa uzi, nyeusi zimechomekwa kushoto na buluu kulia. Nikimwuliza Pindo ananijibu, "Nimewahi kuamka, nikatunga zangu, nikaona na zako nisiziache." Nikakubali, kwa sababu ilinifaa kukubali. Na koti ambalo jioni nililiacha nikiwa na wasiwasi nalo, kesho yake naligusa mshono, naona umenyooka, najisemea ah, mkono wa fundi haupotei. Nyani haoni kundule, wanangu, na mimi hata kama lingekuwa usoni nisingeliona.

Sasa kuna asubuhi moja nilitoka nyumbani mapema kuliko kawaida yangu. Mama yenu hayupo jikoni. Nakaribia duka, naona milango imerudishwa, na ndani nasikia vicheko vya watu wawili. Nikasukuma. Nikamkuta mama yenu amekaa kwenye kiti changu, tumbo lake la miezi mitano limemtangulia, koti nililoshona jana yake liko mapajani, na Pindo amekaa karibu naye kabisa, amemshikia kitambaa. Wote wawili wakasimama. Nikauliza, mnafanya nini hapa? Wakatazamana. Na mimi, badala ya kutazama koti, nikatazama zile nyuso mbili, nikaona zimeingiwa na hofu, nikajipa jibu mwenyewe.

Ningeweza kufunga mlango tukaulizana ndani. Sikufunga. Niliifungua yote miwili, nikasimama kizingitini, nikapaza sauti mpaka mshona viatu wa ng'ambo akaacha nyundo, na mama muuza mboga akasimama na mizani yake mkononi. Nikasema, "Watu wote njooni mwone! Nimemkuta mke wangu na rafiki yangu, na hiyo mimba msiniulize mimi, mwulizeni Pindo!" Hivyo hivyo, neno kwa neno. Mama yenu hakulia. Aliweka lile koti juu ya meza, akalikunja vizuri, akapita katikati ya watu akaenda nyumbani. Nami nikachukua cherehani yangu moja nikahama.

Nilikaa miezi minane mtaa mwingine, kwenye chumba cha kupanga. Sitawaficha, nilikuwa na mwanamke, muuza vipodozi, binti niliyemzidi umri kwa mbali, alikuwa akiniita "kijana wangu" nami nacheka kama mjinga. Huyu kitindamimba alizaliwa sijui hata siku. Pindo ndiye aliyemkimbiza mama yenu hospitali, na kwa kufanya hivyo akawathibitishia watu. Mke wa Pindo, ambaye alikuwa bado akisitasita kuamini, akafungasha vitu vyake akaondoka, wala hajarudi mpaka leo. Hilo nalo liandikeni juu yangu.

Mchana mmoja akaja kijana aliyekuwa ameoa juzi yake, kanibebea suti nyeusi niliyomshonea, na kaka yake nyuma amekunja mikono ya shati. Akanitoa nayo juani. Akasema, "Tazama mzee, suti nyeusi umeishona kwa uzi wa buluu. Watu walinicheka siku ya harusi yangu. Wewe huoni?" Miaka miwili mizima hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikamwambia subiri, nikaitazama, na wallahi sikuona tofauti. Kesho yake nikaenda kwa mpima macho. Aliponivika miwani kitu cha kwanza nilichokiona ni mikono yangu, nikadhani ni ya mtu mwingine, ilivyozeeka. Cha pili kilikuwa koti langu mwenyewe nililolivua nikaliweka magotini, nililolishona nikiwa bado dukani na Pindo. Nikageuza bitana. Nikaona matundu ya mshono wangu, yamekwenda upogo kama njia ya mlevi, na juu yake mshono mwingine, wa mkono, mdogo mdogo, umenyooka, kila pigo limelala upande wa kushoto. Mlimjua nani aliyeshona kwa mkono wa kushoto katika nyumba hii? Mama yenu. Alikuwa akifumua kazi yangu na kuishona upya kila asubuhi, na Pindo akimtungia sindano, ili wateja wasijue, wanafunzi wasijue, na zaidi ya wote nisijue mimi. Nililia pale pale kwenye benchi la mpima macho, watu wananitazama.

Nikarudi nyumbani. Alinifungulia, mtoto akiwa begani. Nikamwuliza, kwa nini siku ile hukusema? Akanijibu, "Ningesema nini mbele za watu? Kwamba mume wangu haoni? Aibu ilikuwa lazima iwe ya mtu, nikaona afadhali iwe yangu." Kisha akasema kingine, na hiki ndicho ninachokikumbuka mpaka leo. Akasema, "Mimi nimekusamehe. Lakini neno ulilitoa mlangoni, katika mlango ule, kwa sauti ile. Nenda ukaliondoe pale pale." Nikamwambia nitakwenda, acha nipumzike wiki hii.

Wiki hiyo, wanangu, ina miaka thelathini na moja.

Kwa sababu ili niseme kwamba wao hawakukosa, ilinilazimu niseme kwamba mimi sikuwa naona, nao wateja wangesikia. Hiyo tu. Kwa hiyo nikamrudia Pindo nikampa mkono bila maneno. Aliupokea, akasubiri niseme, akaona sisemi, akachukua mkasi wake akaenda kushonea mapazia nyumbani kwake. Hakunitukana hata mara moja. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, nasi tunaisema methali hiyo kila siku bila kumtazama mtu usoni. Na mama yenu alipofariki Pindo akaja mazikoni, kwa mguu, koti lake limepigwa pasi, na wewe mkubwa ukamzuia getini ukamwambia hapa hatukuhitaji. Mimi nilikuwa hatua sita kutoka pale. Mliniona nikifuta miwani. Haikuwa na vumbi. Nilikuwa nasubiri mambo yaishe bila mimi kufungua mdomo.

Kwa hiyo simlaumu kijana wangu. Ulikuwa na miaka kumi na sita, ulikuwa barabarani na daftari zako siku ile, ulisikia, na ukamwamini baba yako, kama mtoto anavyopaswa. Lakini sasa u mtu mzima, nami nakuona. Nakuona na hizo fulana za vijana, nasikia umehamia ghalani unakosimamia, unalala ofisini, unasema mkeo hakuelewi. Mwanangu, mtu akifika miaka hiyo kuna kitu mwilini kinaanza kumtoka, goti, jicho, usingizi, nguvu, na badala ya kukitaja anatafuta wa kumbebesha. Nenda nyumbani ukamwambie mkeo ni kitu gani kinakutisha. Kitaje. Hata kama ni cha kuchekesha, hata kama ni tundu la sindano. Nanyi mabinti, mkimwona mtu wenu anaficha, msimsitiri mpaka akawaua. Mama yenu alinipenda kupita kiasi, na hilo ndilo kosa lake pekee ninalolijua.

Nipeni maji. Basi, yatosha.

Nilitaka mnibebe. Na godoro hili hili, mnipeleke dukani, mnisimamishe kizingitini niseme mwenyewe. Namwona nesi anatikisa kichwa, na anajua kazi yake. Miguu nimeijaribu asubuhi, haisikii. Kwa hiyo atakwenda mkubwa. Ndiyo, wewe. Mimi nililitoa, wewe ukalibeba ukalifikisha hadi sebuleni jana, kwa hiyo tumelimiliki pamoja. Kesho asubuhi, saa ambayo mtaa umejaa. Kwanza pita kwa Pindo, mwamkie kama baba yako, mwombe akufuate. Akikataa usimlazimishe, ana haki. Fungua milango yote miwili. Mshona viatu yule yupo bado, mzee sasa, yeye alisikia la kwanza, asikie na la pili. Na mkono wako mmoja umshike mdogo wako. Wamwone.

Pumzi... ngojeni. Bado ipo.

Nawabariki. Mkubwa, urudi kwenye nyumba yako ukaribishwe. Nesi wangu, mikono yako isichoke, na uache kunyamaza, kunyamaza umekurithi kwangu. Kitindamimba, mwanangu, damu yangu, sikukushika siku uliyozaliwa, nisamehe. Ukae mbele, usikae pembeni popote duniani. Mpendane. Muwe na afya. Mlale bila deni la maneno.

Sasa, mkubwa, jaribu hapa nikusikie. Sema, "Baba yangu alisema uongo." Sema, "Mama yangu hakukosa, Pindo hakukosa, na huyu ni mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja."

Hapana... usiinamishe kichwa. Tena.

Sauti zaidi, mwanangu. Mimi siku ile sikunong'ona.