Mama Makaratasi na Neno Lililokwanguliwa

Ndugu waombolezaji, kama hapakuwahi kuishi mtu, aliyehama ni nani? Swali hilo liliulizwa asubuhi moja ya mwaka 1973, katika chumba cha kuchorea ramani, chenye meza za mteremko na harufu ya wino, likaulizwa na binti wa miaka ishirini na minne aliyeshika wembe mkononi, na mkuu wa chumba alisema tu, "Kwangua, binti, mitambo ya uchapaji inasubiri," naye binti akakwangua. Binti huyo ndiye mama yetu, shangazi yetu na bibi yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Makaratasi, na familia imeona historia yake ianzie hapo, kwa sababu yeye mwenyewe kila alipojisimulia alianzia hapo, habari za kuzaliwa alizikumbuka baadaye.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1949, hapa mjini, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa nne wa fundi wa reli na mke wake aliyetoka jangwani, na mama huyo kila alipoulizwa kwao ni wapi, alionyesha kwa kidevu upande linakozama jua na kusema kwao ni mahame, wakweze wakamcheka, wakasema mtoto wetu ameoa mtu asiye na kwao.

Alianza shule ya msingi Januari 1957, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana, akamaliza Novemba 1968, akiwa wa kwanza kwa jiografia na wa mwisho kwa kunyamaza, kama alivyoandika mwalimu wake wa darasa, kisha akasoma chuo cha upimaji na kuajiriwa ofisi ya ramani tarehe 1 Septemba 1970, mwanamke pekee katika chumba kile. Wenzake walimtania kwamba mwanamke hawezi kuchora mstari ulionyooka, kwa kuwa akianza safari lazima apitie kwa jirani, naye akawajibu kwamba milima haikunyooka, na anayependa vilivyonyooka akaombe kazi reli, kwa baba yake.

Hapo ndipo lilipomkuta lile la wembe. Ramani za zamani za jangwa zilichorwa na wapima wageni wasiojua lugha, waliowauliza wapagazi mahali panaitwaje na kuandika walichosikia, na wapagazi, kila walipofika penye makaburi na mafiga yaliyoachwa, walijibu "mahame", yaani hapa watu walikaa, wakahama, na wapima wakaliandika kwa herufi za jina, Mahame hapa, Mahame kule, Mahame tena nyuma ya kilima. Miaka ikapita, wakubwa wa toleo jipya wakaona jina moja limetapakaa kama upele, wakaamua ni kosa la wachoraji, kwani kijiji kimoja hakiwezi kukaa kila mahali, wakaagiza yakwanguliwe yote na pawekwe maneno mawili, "jangwa tupu". Tutafakari hapo, ndugu zangu. Neno linaloshuhudia kwamba watu walikuwapo ndilo lililofutwa, kisha kufutwa kwake kukawa ushahidi kwamba hawakuwapo! Na waliofanya hivyo lugha walikuwa wanaijua, walinyonya nayo maziwa ya mama zao, hawana hata kisingizio cha wale wageni.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 14 Juni 1975 na fundi wa kuchimba visima, marehemu baba yetu, aliyeingia ofisi ya ramani akiwa amefura kwa hasira, analalamika kwamba ramani yao mpya imempeleka jangwa tupu, na patasi ya mtambo wake imevunjikia kwenye kuta za kisima cha kale kilichojengwa kwa mawe, akawauliza, "Kilijengwa na nani, mbuni?" Chumba kizima kiliinamia meza. Marehemu alikuwa akisema aliolewa na mwanamume wa kwanza aliyekuja na swali lake bila kutumwa.

Walijaliwa watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja, ambao wote walilala juu ya jangwa, kwa maana kwamba mwaka 1981 ofisi ilipohama jengo na kuuza ramani za zamani, zilizochapwa kabla ya kukwanguliwa, kama karatasi chakavu, marehemu aliokoa alizoweza, akazitandaza chini ya magodoro zisikunjike, nyingine zikakaa juu ya meza ya kulia chakula chini ya kioo, na mgeni akitaka kuweka kikombe alionywa, "Angalia, usije ukaleta mafuriko." Alizochelewa kuziokoa zilikwenda sokoni, zikafungiwa misumari na sabuni, na wazazi wakajalidia madaftari ya watoto wao.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2004, na badala ya kupumzika wakaanza, yeye na mumewe, kwenda jangwani kila kiangazi na ramani zile, wakiongozwa na akina mama wachungaji, wakitafuta kila penye neno mahame, na kila walipofika walikuta mafiga matatu matatu yamekaa yanasubiri chungu. "Watu huhama, mafiga hayahami," alikuwa akisema. Mumewe alipofariki mwaka 2013, aliendelea peke yake, na magoti yale mnayoyajua.

Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba eneo lile litazungushiwa uzio, na wanaonywesha mifugo yao kule waondoke, isipokuwa wathibitishe kwamba wazee wao waliwahi kuishi pale. Marehemu alisimama mbele ya kamati. Alipoonyesha picha za mafiga, aliambiwa mawe mtu yeyote anaweza kuyapanga. Akatandaza ramani, lakini katika zile alizookoa, ile ya katikati, penye kwao mama yake, haikuwamo, alikuwa na ile tu inayopakana nayo upande wa magharibi, ambayo ukingoni mwake neno limekatika, zimebaki herufi nne, MAHA. Mwenyekiti akauliza, "Maha ndiye nani, mama, mjukuu wako?" Ukumbi ukaangua kicheko. Marehemu naye akacheka, akangoja wamalize, akasema, "Hiyo ni nusu ya kwetu, baba. Nusu ya pili niliikwangua mwenyewe, kwa mkono huu, kwa amri ya ofisi." Kamati iliamua kwamba maneno si ramani, ikataka karatasi yenyewe ya zamani, na kikao cha mwisho, kilichoahirishwa mara kwa mara, kitakaa mwishoni mwa mwezi ujao.

Marehemu alianza kuugua figo Agosti 2023, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na amefariki dunia tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi. Siku hiyo alimuuliza muuguzi kwao ni wapi, na muuguzi alipomtajia, akamwambia, "Paandike, mwanangu, usiwaachie watu wengine." Ameacha watoto watatu na wajukuu saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, waliomvumilia hata alipowasahihishia mchoro wa njia za kutokea wakati wa moto uliobandikwa ukutani, tunawashukuru majirani mliopika, mliochota maji na mliokesha nasi, pamoja na wafanyakazi wenzake wa ofisi ya ramani, hasa wale waliopekua stoo siku nzima wakatoka na vumbi tu, na wanyweshaji waliosafiri kutoka jangwani kuja kumzika binti yao. Mama yetu, ulikwangua kwa kuamrishwa, ukarudisha kwa hiari yako, weka wembe chini sasa, upumzike kwa amani.

Nasi tunaobaki tuna ombi moja. Mkirudi nyumbani, tazameni majalada ya madaftari yenu ya zamani, karatasi zilizotandikwa kabatini, na zile zilizobandikwa nyuma ya fremu za picha. Tunatafuta ramani ya rangi ya kahawia iliyopauka, ambayo ukingoni kushoto, peke yake, imeandikwa ME. Ukiiona, usiikunje. Tuletee.