Fundi Nchi Kavu, Aliyekwenda Ziwani kwa Siku Moja

Marehemu, ambaye ziwa zima lilimwita Nchi Kavu, alizaliwa milimani tarehe 9 Machi 1952, mtoto wa pili wa mkulima na msusi wa mikeka. Huko kwao maji yalikuwa yale ya ndani ya ndoo. Kuogelea hakujifunza, na mpaka mwisho hakuona haja.

Alianza shule mwaka 1960 na kumaliza darasa la saba mwaka 1966. Walimu walimsifu kwa akili, wakamlalamikia kwa mikono isiyotulia. Siku moja aliifungua baiskeli ya mwalimu mkuu ili ajue inalia wapi. Mwalimu alirudi nyumbani kwa miguu, amevimba kwa hasira. Kesho yake, kwa mara ya kwanza, akapanda baiskeli isiyolia. Adhabu ilifutwa.

Kazi alifundishwa na mjomba wake, aliyekuwa akitengeneza cherehani kwenye baraza moja mjini. Agosti 1975 zikaja habari kutoka kijiji cha ziwani: cherehani ya mshonaji mmoja imekwama, nayo ni nzito, haibebeki mtumbwini. Mjomba aliumwa mgongo. "Nenda wewe," akamwambia. "Asubuhi uende, jioni urudi."

Marehemu alikaa katikati ya mtumbwi, ameshika pande zote mbili, macho kayafumba. Alipoyafumbua aliona nyumba zimesimama majini juu ya nguzo, watoto wanavua samaki wakiwa wamekaa mlangoni kwao. Mbele zaidi zilikuwa nyumba zisizo na nguzo kabisa, zinaelea juu ya mapipa, zimefungwa kamba. Ya mshonaji ilikuwa mojawapo. Akaingia, akainamisha kichwa kwenye cherehani, dunia akaisahau. Wakati huo upepo ulikuwa unapanda, na kaka za mshonaji wakaifungua nyumba kamba, wakaikokota kwa boti hadi kwenye ghuba iliyotulia.

Fundi alipoinua kichwa kuomba uzi, alipigwa na butwaa.

"Jamani, ile shule ya ng'ambo imekwenda wapi?"

"Shule ipo palepale," mshonaji akajibu. "Sisi ndio tumehama."

"Na mimi?"

"Na wewe umehama, fundi."

Upepo ulitulia kesho yake, lakini jirani naye alikuwa na cherehani mgonjwa, na jirani wa jirani vilevile. Mjomba alimngoja jioni ile, na nyingine nyingi baada yake.

Tarehe 18 Septemba 1976 alimuoa mshonaji yule. Kwa kuwa tumbo la fundi lilikataa kuelea, walikubaliana kujenga juu ya nguzo. Lakini kule milimani kaka mkubwa wa marehemu alikasirika. "Mwanamume mzima unahamia kwa vyura!" alisema. "Kwako sikanyagi." Na kweli hakukanyaga. Maneno hayo yalimuuma marehemu kuliko alivyoonyesha. Mwaka uleule alichonga mkono wa kushikia, akaupigilia kando ya ubao wa kuingilia nyumbani, mahali ambapo hata watoto wa kijiji walipita wakikimbia bila kushika kitu. Akiulizwa, alijibu, "Ni wa mgeni."

Wageni wengine walikuja wengi. Wakati mkewe anapiga kasia na yeye anatengeneza cherehani nyumba kwa nyumba, watu wa bara waliokuja kutembelea vijiji walimfuata kama vifaranga. Kwenye ubao wake aliwaambia, "Shika hapa. Ukishika utafika, usiposhika utaoga."

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka. Alitibiwa bara, akalala kwa binti yake mkubwa, akalalamika kwamba sakafu ya saruji haisemi kitu, mtu atapataje usingizi? Wakamrudisha. Aprili mwaka huu, bila kutoa habari, kaka yake alifika. Alivuka ule ubao amevaa jaketi la kuokolea, mikono yote miwili imeng'ang'ania, anawatukana samaki mmoja mmoja.

Alipofika mlangoni akauliza, "Nani kauchonga huu?"

"Mimi."

"Lini?"

"Mwaka niliooa."

Mzee akageuka, akautazama toka mwanzo hadi mwisho. Kisha akasema, "Umepinda."

Walicheka hadi mke wa marehemu akatoka mbio jikoni, akidhani mtu katumbukia. Mgeni alikuja na shati moja la kubadilisha, hakuondoka tena.

Marehemu alifariki nyumbani kwake mchana wa tarehe 11 Juni, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Mkewe alikuwa akimpepea, na kaka alikuwa akisimulia kisa cha mbuzi wa shangazi yao aliyeingia kanisani. Kisa kilikuwa bado nusu. Kaka alikimalizia vilevile, kwa sauti ileile, ndipo akamfumba macho mdogo wake.

Ameacha mjane, mabinti watatu, mwana mmoja ambaye ni nahodha wa boti ya abiria, wajukuu saba, na kaka yake. Ameacha pia majirani ambao leo wamekuja kwa mitumbwi mingi hata gati limejaa.

Mwenyezi Mungu ampokee fundi wetu, na usingizi wake uwe wa amani.