Fungate ya Kurudi Saa Kumi

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 28 Mei 1984, kwenye benchi la mbele ya duka la kijiji cha Askerby, walikuwepo hawa. Wa kwanza ni Horace Iveson, aliyeendesha lori la maziwa miaka thelathini na mmoja na kuitwa Ramani, kwa sababu hujapata kumtajia mahali asikukosoe njia ya kufika. Wa pili ni Cyril Dinsdale, mpiga kengele wa kanisa, ambaye jina lake la benchini lilikuwa Askofu, ingawa kasisi mwenyewe alikuwa akimkwepa. Wa tatu ni Walter Peacock, aliyeitwa Mawingu kwa sababu hakuamini jua hata likimchoma shingo. Yeye ndiye mwenye chupa ya kahawa, na kwa hiyo ndiye aliyesikilizwa. Wa nne ni Desmond Thackwray, karani mstaafu wa stesheni, umri miaka sitini na mmoja. Huyu aliitwa Bwana Harusi, na alikuwa ameitwa hivyo kwa miaka kumi na mmoja, tangu alipomchumbia Enid Pullan. Duka lilikuwa limefungwa kwa sikukuu. Kahawa ya Walter ilikuwa nyepesi mpaka kitako cha kikombe kikaonekana, lakini hakuna aliyelalamika, maana mwenye kulalamika angetakiwa kuleta yake kesho.

Desmond aliweka daftari gotini na kulamba ncha ya penseli. Alikuwa na saa mbili tu. Jana yake, baada ya ibada, Enid alimweleza shauri lake kwa sauti ileile aliyoitumia miaka thelathini kuwaamuru watoto wa darasa la kwanza wakanawe mikono. Harusi ni Jumamosi. Kesho yake, yaani leo, saa sita mchana aletewe mpango wa fungate, siku sita, ulioandikwa ukaeleweka. Asipouona, Jumamosi hiyohiyo atapanda treni akaishi na dada yake huko Scarborough, na pete ataiacha kwenye sahani ya sadaka.

Kikwazo kilikuwa mama yake Desmond. Bibi Agnes Thackwray alikuwa hawezi kuachwa peke yake tangu alipoanguka wakati wa Krismasi. Wanawake wa kanisa walimkalia kwa zamu, kila mmoja siku yake, Enid akiwa na Jumatatu na Desmond mwenyewe akiwa na Jumapili. Lakini chai ya saa kumi bibi alikunywa kwa mkono wa mwanawe tu. Ikimiminwa na mtu mwingine aliitazama mpaka ikapoa. Kwa hiyo fungate ilibidi iwe ya kwenda na kurudi: kutoka asubuhi, kutembea mashambani, na kuwa mlangoni kabla ya saa kumi.

– Haya, alisema Desmond. Siku ya kwanza. Twende wapi?

– Abasia ya Bolton, alisema Cyril. Magofu, mto, mawe ya kuvukia. Huwezi kukosea.

– Unaenda kwa njia gani? aliuliza Horace.

– Kwa njia ya kawaida, Horace. Ya Kettlewell.

– Mwezi wa Juni? We mzima kweli? Kettlewell mwezi wa Juni imejaa magari ya watu wa Leeds, kila mmoja kasimama katikati ya barabara anamshangaa kondoo. Unazunguka, bwana. Unapita juu, unashuka nyuma ya kilima, unatokea upande wa pili.

– Huko ni maili ishirini zaidi!

– Ishirini na tatu. Lakini hukutani na mtu.

– Mvua itanyesha, alisema Walter.

Desmond aliandika: *Bolton, kwa kuzunguka.* Alijisikia kama mtu aliyeanza kazi.

– Siku ya pili, alisema Cyril, naomba mnisikilize vizuri, maana hili ni jambo la kiroho. Katika bonde hili kuna makanisa kumi na manane yenye makaburi ya mashujaa. Unachukua karatasi kubwa, unaitandika juu ya bamba la shaba lililochongwa sura kaburini, unasugua kwa krayoni nyeusi. Sura ya marehemu inatokea. Matatu kwa siku, siku sita, kumi na manane. Mmemaliza!

– Fungate nzima mnasugua maiti? aliuliza Horace.

– Shaba, si maiti. Maiti yuko chini.

– Bibi harusi amepiga magoti, kashika krayoni. Cyril, ndiyo maana mkeo alihamia kwa dada'ake.

– Mke wangu ana pumu!

– Sasa hapumui kwa raha?

Walter alicheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali. Kisha akafunga kizibo cha chupa polepole, ishara kwamba sasa anazungumza yeye.

– Nyie mnahangaika bure. Mimi na marehemu mke wangu Doris tulitembea nchi hii miaka thelathini na minane na viatu vyetu havikupata tope. Unaendesha mpaka pale juu panapoonekana bonde. Unasimamisha gari. Vioo juu. Unatoa sandwichi za yai. Mnakula mkitazama mvua. Mkimaliza, mmoja anasema, «Pazuri.» Mwingine anasema, «Sana.» Mnarudi.

– Mkisema nini kingine? aliuliza Desmond.

– Cha nini kingine?

Desmond alilamba tena ncha ya penseli. Alijaribu kukumbuka Enid anapenda kutazama nini. Alijua anaweka sukari ngapi kwenye chai ya mama, na upande gani wa kitanda cha mama unaopigwa na baridi, na kwamba ana ufunguo wake mwenyewe wa nyumba na hachelewi hata dakika moja. Lakini kama Enid anapenda mto au kilima, hilo halikuwahi kujitokeza. Aliandika: *Sandwichi za yai.*

– Bahari, alisema Horace ghafla. Mpeleke Whitby. Mwanamke akikosa bahari kwenye fungate, atakukumbusha mpaka kaburini.

– Horace, Whitby kwenda tu ni saa mbili unusu, alisema Cyril.

– Kwako. Mimi naijua njia. Mnatoka saa nne na nusu, bibi harusi akiwa tayari ndani ya gari injini inanguruma. Saa saba kasoro robo mko juu ya bahari. Mnaitazama dakika ishirini.

– Dakika ishirini kutoka wapi? Kushuka mpaka ufukweni ni ngazi mia moja na zaidi.

– Nani kasema mnashuka? Mnaitazama kutoka garini.

– Ndivyo ninavyosema mimi, alisema Walter.

– Na samaki wa kukaanga? aliuliza Desmond kwa unyonge. Enid aliwahi kutaja samaki.

– Kichwa hiki kimefikiria, alisema Horace. Anashuka yeye peke yake, anapanga foleni, wewe unazunguka na gari. Akitoka na samaki unapunguza mwendo, anarukia ndani. Mnakula njiani. Saa kumi kasoro tano mama'ko anapata chai yake.

Desmond alimwona Enid, miaka hamsini na minane, akikimbia kando ya gari na samaki mkononi. Hakuliandika hilo. Kisha akaliandika kwa maandishi madogo.

– Ngojeni kidogo, alisema Cyril. Siku sita zinaanza Jumatatu, sivyo? Na Jumatatu ni zamu ya nani kumkalia mama?

Wakatazamana.

– Ya Enid, alisema Desmond.

– Basi siku ya kwanza ya fungate, Enid hawezi kwenda.

– Abadilishane na mwingine, alisema Horace.

– Na nani? Umesahau yaliyompata yule mama mpiga kinanda wa kanisa alipoomba kubadilishana Jumatano? Ilikuwa kelele mpaka Pasaka. Zamu imebandikwa ukutani, bwana. Haiguswi.

– Si tatizo, alisema Walter. Jumatatu Desmond aende peke yake. Akirudi amsimulie.

Jambo hilo walilipima kwa makini, vikombe vikiwa vimetulia. Horace aliona kwamba mtu mmoja hupunguza uzito wa gari penye milima. Cyril aliona kwamba ni kama mafungo. Desmond alisema taratibu:

– Sidhani kama ataipenda hiyo.

– Basi mchukueni mama! alisema Horace, akajipiga paja. Jamani, tumekaa hapa tangu saa nne kumbe jibu ni hilo! Bibi anaingia garini, blanketi miguuni, chai kwenye chupa. Saa kumi ikiwakuta popote, Desmond anammiminia. Hakuna zamu, hakuna kukimbizana.

– Anatapika akikaa nyuma, alisema Desmond.

– Akae mbele.

– Na Enid?

– Enid ana miguu mifupi. Nyuma panamtosha kabisa.

– Atakaa na kikapu, alisema Walter. Kikapu kikikaa peke yake huanguka penye kona.

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile benchi zima lilikubaliana. Hata Whitby iliwezekana sasa, na Cyril aliruhusiwa makanisa mawili. Desmond alinakili yote upya kwenye ukurasa safi, akapiga mistari kwa ukingo wa kiberiti: mbele Mama, nyuma Enid na kikapu. Aliusoma mara mbili. Ulieleweka. Hakuweza kukumbuka mara ya mwisho alipojisikia mwepesi namna ile.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika tano. Enid Pullan alikuwa akiteremka barabara kutoka kwake, amevaa kofia yake ya buluu, mikono ina unga.

– Bibi Harusi! aliita Horace, akamnyang'anya Desmond karatasi na kuinyoosha juu. Njoo uone mambo! Umepangiwa mpaka mahali pa kukaa!

Enid hakuipokea. Alimtazama Desmond, kisha akatazama barabara aliyotokea, kisha Desmond tena.

– Desmond, nani yuko na mama?

Horace alicheka.

– Si wewe? alisema Desmond.

– Mimi natoka kwangu. Nilikuwa naoka.

– Lakini leo Jumatatu.

– Leo sikukuu. Sikukuu huwa tunafuata utaratibu wa Jumapili, Desmond. Mabasi, maziwa, kengele, kila kitu. Jumapili ni yako.

– Mimi nilijua Jumatatu ni Jumatatu. Nilimwacha kwenye kiti chake saa nne kasoro tano. Nikajua unaingia.

– Hukuningoja?

– Wewe huchelewi.

Enid aliwageukia wale watatu kwenye benchi.

– Na ninyi? Tangu saa nne mnamzungumzia yeye. Hakuna aliyeuliza yuko na nani?

Cyril alitazama viatu vyake. Walter alikuwa ameshika kizibo cha chupa. Horace aliikunja ile karatasi mara mbili, kisha mara ya tatu. Desmond alikuwa tayari anakimbia.

Agnes Mary Thackwray, mwenye umri wa miaka tisini na mitatu, alikutwa amefariki kwenye sakafu ya jiko lake. Daktari aliandika kwamba ilikuwa baina ya saa nne na nusu na saa tano.