Emily Kamanthe Aliyeketi na Wasusi

Jioni ya Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, Emily Kamanthe alimwomba mumewe, Mwalimu Festus Mwanzia, afungue dirisha zaidi, naye aliponung'unika kuhusu baridi akaambiwa avae sweta, akavaa.

Marehemu alizaliwa Kithimani tarehe 14 Machi 1968, akasoma shule ya msingi huko huko, akahitimu kuwa afisa wa afya ya jamii mwaka 1991, na tarehe 20 Agosti 1994 akafunga ndoa na Festus, wakajaliwa watoto wawili, Lavender na Titus.

Mwaka 2023 wagonjwa kumi na mmoja wa kifua kikuu walitoka katika nyumba tisa za Kithimani, na jamaa waliolala nao walipopimwa wakapatikana wazima, ndipo Emily akaacha kuuliza wanalala na nani, akauliza wanaketi na nani, na wote wakataja chumba kimoja cha kikundi cha wasusi wa vyondo, vikapu vya nyuzi, chumba ambacho madirisha yake hayakufunguliwa kamwe, ili vumbi lisishike nyuzi zilizotiwa rangi. Wanachama wengine walikataa kupimwa, wakihofia kunyooshewa vidole sokoni, hivyo akaketi kati yao kila Alhamisi akisuka, na ilimchukua miezi mitatu kuwashawishi wafungue madirisha, huku mwenyekiti wao, Ngina, akikicheka kiondo cha Emily kwamba hata maharagwe yangetoroka. Walikubali kupimwa mmoja mmoja, isipokuwa Ngina na wenzake watatu.

Februari 2024 Emily alipatikana na kifua kikuu kisichosikia dawa za kawaida, akatibiwa miezi kumi na sita, mapafu yakashindwa, akaaga dunia nyumbani Jumatano, tarehe 4 Juni, saa nane mchana. Jamaa walishauri iandikwe kwamba aliugua kwa muda mfupi, lakini haukuwa muda mfupi, na ugonjwa wake una jina, naye aliomba jina hilo lisomwe hapa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea maji na kuni, na wafanyakazi wenzake. Inamshukuru pia Ngina, aliyefika na wale watatu asubuhi ya Alhamisi kutupa pole, wakamkuta Festus akitoka mlangoni na sweta ile ile, Ngina akamwuliza, mwalimu, matanga yako hapa, wewe unaenda wapi, naye akajibu kwamba anakwenda kliniki kupimwa makohozi, kwa kuwa alilala na mkewe na kuketi naye, nao wakatazamana, wakamfuata, wakapanga mstari nyuma yake.

Emily, pumzika kwa amani, dirisha tumeliacha wazi.