Aminieli Eliudi Njau (1978–2025), Aliyebebeshwa Lawama za Watu Watatu

Tunayemzika leo katika kihamba cha baba yake, shamba la ukoo, ni Aminieli, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Eliudi Njau na Mama Kindness, aliyezaliwa hapa Kidia, Old Moshi, tarehe 9 Aprili 1978. Dada yake Kornelia, mwandishi wa wasifu huu, ameombwa na watu wawili wenye tai apunguze ukali. Hajapunguza.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa kijijini, 1986 hadi 1992, akaendelea na sekondari, kisha akasomea uongozaji wa ndege Dar es Salaam. Kuanzia Machi 2002 alikaa kwenye mnara wa uwanja mdogo wa ndege huko chini tambarare, miaka ishirini na miwili bila doa.

Katika kazi hiyo rubani akipewa agizo hulirudia neno kwa neno, ndipo muongozaji anajua amesikika. Aminieli aliihamishia sheria hiyo nyumbani. Tarehe 16 Desemba 2006, alipofunga ndoa na Loveness, bibi harusi aliitikia mchungaji kwa sauti ndogo, "Ndiyo." Bwana harusi akamnong'oneza, "Rudia yote, nisikie." Kanisa zima lilicheka, mchungaji naye akashindwa kujizuia.

Jumatatu tarehe 19 Februari 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi, aliiagiza helikopta ya jeshi isubiri juu ya Kiboriloni mpaka ndege ndogo itue. Aliyeiendesha akajibu, "Sawa, nimekupata," basi. Hakurudia agizo, wala hakusubiri. Vyombo viligongana angani. Helikopta ilitua na mguu uliovunjika. Ndege ndogo ilianguka, wakafa rubani Hussein Alawi wa Pasua na abiria wake wawili.

Aminieli alipaswa kumwambia yule bwana arudie. Hakumwambia. Wiki mbili kabla, mkuu wake wa kazi alikuwa amemfokea mbele ya wenzake: "Hao ni wanajeshi, Njau! Usiwalazimishe kurudiarudia kama watoto wa shule." Siku ya ajali akanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kosa lake. Familia hailifichi.

Ripoti ya tume iliyochunguza ajali ilitoka Agosti, kurasa sitini na nne. Jina la Aminieli limo mara thelathini na moja. Aliyeendesha helikopta hana jina, anaitwa "chombo cha pili." Mkuu wa kazi hayumo kabisa, utadhani siku zile mnara ulijiongoza wenyewe. Tunasema wazi kwamba ripoti hiyo ni ya uonevu. Mwezi Septemba Aminieli alifukuzwa kazi.

Huku kwetu mwenye kosa humwendea aliyemkosea akiwa na jani la isale mkononi, na msamaha ukiombwa hivyo haukataliwi. Aminieli alikwenda nyumba zote tatu za waliokufa. Huko Pasua alipokelewa na Bi. Amne, mama yake Hussein.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi si Mchagga, mwanangu, lakini jani hili nalijua. Kaa ule kwanza." Akamwekea chakula, akamtazama. "Wewe umekuja. Wenzako wako wapi?"

"Watakuja, mama."

Aliamini hivyo kweli. Kila Jumapili alimpigia simu kumuuliza kama wamefika.

Tarehe 11 Novemba 2024 alipatwa na kiharusi, kikamnyang'anya sauti. Loveness alimuuguza kwa miezi minne kasoro, na simu ya Jumapili akawa anaipiga yeye, mumewe akisikiliza. Jibu lilikuwa lile lile: hawajafika. Aminieli alifariki Jumapili tarehe 2 Machi 2025, saa tisa alasiri.

Ameacha mama, mjane, watoto wawili, Eliona na Brenda, na dada yake Kornelia, mwenye hasira. Shada lililotumwa na yule aliyeendesha helikopta limebaki getini, litarudi na gari lililolileta. Mkuu wa kazi amekuja. Kaa hapo ulipo, mzee, turubai la pili, hatukufukuzi. Mwanamke aliyekaa mstari wa mbele, pembeni ya Mama Kindness, mwenye ushungi mweusi, ndiye Bi. Amne. Hajawahi kukuona, ndiyo maana tunakuonyesha alipo.

Aminieli, fungu lako la lawama ulilipeleka mwenyewe, kwa miguu yako. Lala, kaka, upumzike.