Biasha Ismaily na Daftari la Anwani za Matapeli

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Kiegei kutoka Nachingwea, Ruangwa na Nambilanje, assalamu alaikum. Mimi ni Zuleha, mdogo wake marehemu, elimu yangu ni ya darasa la saba, na wazee wameniruhusu niisome historia hii hapa uani kabla jeneza halijatoka, kwa kuwa ndimi niliyekaa naye kibandani kwake miaka yote hii.

Marehemu Biasha Ismaily Mahamudu alizaliwa tarehe 14 Machi 1987 hapa Kiegei, mtoto wa pili kati ya watano wa Mzee Ismaily Mahamudu na Bi Mwantumu Sadiki, wakulima wa korosho na ufuta. Alianza darasa la kwanza hapa kijijini mwaka 1995, akamaliza la saba mwaka 2001, akaendelea na sekondari Nachingwea mjini hadi mwaka 2005, akiishi kwa shangazi yetu, ambaye alichana gauni lake la Idi akamshonea sketi ya shule, na shangazi yupo hapa, dada hakuisahau sketi ile mpaka mwisho.

Mwaka 2007 alipata cheti cha kompyuta huko Mtwara, akaajiriwa kupiga chapa kwenye duka moja Nachingwea, na mwezi Mei 2016 akafungua kibanda chake mwenyewe cha steshenari karibu na soko la Ruangwa. Alifunga ndoa tarehe 22 Desemba 2012 na Bwana Amri Habibu wa Nambilanje, wakajaliwa watoto wawili, Asmaa aliyezaliwa mwaka 2014 na Ismaily aliyezaliwa mwaka 2018.

Kazi iliyomfanya ajulikane hakuna aliyemwajiri kuifanya. Watu walikuwa wakipokea ujumbe kwenye simu, bonyeza hapa upate mkopo, bonyeza hapa mwanao kapata ajira, wakamletea autazame, na kwa adabu zetu za huku, mtu hawezi kumpa mwenzake kitu kilichofungwa, kwa hiyo wengi walikuwa wameshaibonyeza ile anwani ya mtandaoni kabla ya kumkabidhi simu, ili dada asipate taabu. Alikuwa akipiga kelele mpaka wauza nyanya wanacheka, "Msinifungulie jamani! Mimi si mgeni wa kutengewa chakula, nileteeni hivyo hivyo!"

Kila anwani ya kitapeli aliinakili katika daftari kubwa lenye jalada jeusi, herufi kwa herufi, pamoja na tarehe na kijiji ilikotokea, kisha akatafuta ni kampuni gani iliyosajili jina lile, akaiandikia barua pepe ya malalamiko, na akatoa taarifa pia kwa mtandao wa simu na polisi. Kampuni ikijibu kwamba ukurasa umefungwa, alilichapa lile jibu na kulibandika mlangoni, akasema, "Huyo amelala." Mimi nilikuwa nikimsomea herufi huku mwanangu akiwa mgongoni, nikikosea nukta moja ananirudisha mwanzo, lakini hakuwahi kuniambia sijasoma.

Mwezi Juni 2021, wakati wa kupulizia mikorosho, ulikuja ujumbe kwenye makundi ya vijiji, eti wakulima wajisajili wapate salfa ya bure, wajaze namba ya kitambulisho na namba ya siri ya simu. Mzee Hassani Lukumani, mtu tunayemwamini sote, aliusambaza kwa nia njema, na kwa kuwa umetoka kwake, hakuna aliyeuliza, watu wakajaza, na simu zao zikaanza kutumiwa na matapeli. Dada aliiandama anwani ile kwa siku nne za kuandika barua, mpaka ikafungwa. Shukrani aliyoipata ni maneno. Walioliona daftari lake walisema, "Angezijuaje zote hizo kama si zake?" Wakamwita mama wa matapeli, watoto wakamwimbia Asmaa njiani, na tarehe 2 Agosti aliitwa katika ofisi moja ambayo sitaitaja, daftari likachukuliwa wiki tatu, likarudishwa bila neno.

Nasema leo mbele ya mwili wake, hakuhama. Alifungua kibanda kila asubuhi kwa saa ile ile, Prisca wa chapati akamletea chai wiki zile tatu zote na kukaa naye hapo nje ili watu waone, na daftari liliporudi, dada aliandika anwani iliyofuata siku hiyo hiyo. Mzee Hassani alikuja sokoni na kusema mbele za watu, "Ujumbe niliutuma mimi, binti huyu ndiye aliyetuokoa." Ni yeye peke yake aliyefanya hivyo. Wengine mliosema mpo hapa, nawaona, na nyie mliendelea kumletea simu zenu, naye aliendelea kuzipokea.

Mwezi Novemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kizazi, akatibiwa Ruangwa, akapewa rufaa kwenda Dar es Salaam, akarudi mwezi Juni mwaka huu, na Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, alifariki dunia hapa nyumbani, akiwa na umri wa miaka thelathini na minane. Daftari lilikuwa kwenye mto wake, limefika anwani mia nne na kumi na mbili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa muuguzi aliyekuwa akimsuka nywele mpaka zilipokwisha, majirani wa Kiegei, wafanyabiashara wa soko la Ruangwa, Prisca, na Mzee Hassani.

Jana alasiri, mwili ukiwa bado ndani, ulianza kuzunguka ujumbe wenye picha ya dada, unaowaomba mbonyeze anwani fulani mtoe rambirambi. Si wetu. Mkiupata msiufungue, hata kwa adabu. Nimeinakili anwani ile kwa mwandiko wangu, herufi kwa herufi, ni ya mia nne na kumi na tatu, nimeituma kote alikokuwa akituma yeye, na jibu likija nitalibandika kwenye mlango ule ule.

Sheikh atakapowauliza mnamshuhudiaje marehemu, jibuni kwa sauti, ili waliosimama nyuma ya ua nao wasikie.

Dada Biasha, pumzika kwa amani, kibanda kesho kutwa kinafunguliwa.